Konea ya 508 yapita, ya 561 yakwama: unene wa kioo cha jicho na upasuaji wa leza

Karatasi ya vipimo ikishafika mkononi, macho ya wengi hukimbilia namba moja: unene wa konea. Imeandikwa 508, au 561, au 487, na mbele yake alama ya maikromita. Mwenye namba kubwa hufurahi, mwenye ndogo hunyong'onyea, kabla hata daktari hajafungua mdomo. Haraka hiyo inaeleweka, kwa kuwa namba hii ni kweli ina uzito. Lakini ikiachwa peke yake inapotosha.

Tuchukue watu watatu wa kufikirika. Wa kwanza ni mwalimu wa Tukuyu mwenye umri wa miaka 34, miwani yake ni -2.50 na konea yake ina maikromita 508. Wa pili ni fundi mbao wa Mafinga, miaka 31, miwani -9.00, konea 561. Wa tatu ni mwanafunzi wa chuo pale Iringa, miaka 20, miwani -3.00, konea 505. Wote wanataka LASIK, upasuaji wa leza unaobadilisha umbo la konea, ili waachane na miwani. Mwenye konea nene kuliko wote ndiye wa kwanza kuambiwa asubiri. Mwanafunzi, ambaye konea yake inakaribiana kabisa na ya mwalimu, anaambiwa hapana. Mwalimu anapita. Makala hii inaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na ni maswali gani mtu wa Mbeya, Njombe au Songea aulize kabla hajapanda basi kwenda kufanyiwa.

Konea ni nini, na leza inakata wapi

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho, juu ya mboni. Ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukunja mwanga: kati ya dayopta takriban 60 za jicho zima, konea peke yake hubeba kama 43. Dayopta ni kipimo cha nguvu ya kukunja mwanga, na ndiyo namba inayoandikwa kwa miwani. Kwa sababu hiyo, ukiibadilisha umbo kidogo tu, uoni hubadilika sana.

Unene wake katikati, kwa watu wazima, huwa wastani wa maikromita 540 hadi 550. Maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo tunazungumzia nusu milimita na ushee. Ukitaka kuipata picha yake, chukua karatasi za kawaida za fotokopi. Karatasi moja ina unene wa takriban maikromita 100, hivyo konea ni sawa na karatasi tano na nusu zilizopangwa. Ishike picha hiyo, tutaitumia tena.

Konea ina tabaka. Juu kabisa ni epitheli, ngozi nyembamba ya maikromita 50 hivi, ambayo hujiotesha upya ikikwanguliwa. Chini yake kuna utando mwembamba, kisha inafuata stroma, yaani nyama yenyewe ya konea, ambayo ni karibu asilimia 90 ya unene wote. Ndani kabisa kuna utando mwingine na safu moja ya seli zinazosukuma maji yatoke ili konea ibaki angavu. Stroma ikiondolewa hairudi. Hilo ndilo jambo la msingi kuliko yote katika mada hii, kwa sababu leza ya kurekebisha miwani inakata stroma. Epitheli itaota, lakini stroma iliyoondoka imeondoka moja kwa moja.

Kuna jambo la pili. Nguvu ya stroma haikugawanywa sawasawa. Nyuzi za sehemu ya mbele zimesukwa na kufungamana kwa nguvu zaidi kuliko za nyuma, mithili ya mkeka uliobanwa upande mmoja na kulegezwa upande wa pili. Kukata mbele kunapunguza uimara zaidi kuliko kukata kiasi hichohicho nyuma. Jicho nalo lina presha ndani, kwa kawaida milimita 10 hadi 21 za zebaki, inayoisukuma konea kutoka ndani mchana na usiku. Konea iliyopunguzwa kupita kiasi huanza kutuna taratibu. Hali hiyo huitwa ektasia, na ndiyo inayoogopwa katika mjadala mzima wa unene.

Hesabu yenyewe

Katika LASIK daktari kwanza anakata kifuniko, yaani kipande chembamba cha konea kinachofunuliwa kama ukurasa wa daftari huku upande mmoja kikiwa bado kimeshika. Kikikatwa kwa leza ya femtosekunde huwa na maikromita 90 hadi 120. Kikikatwa kwa kisu cha mashine cha zamani huwa kinene zaidi, na kisu hicho kinaweza kukosea kwa maikromita 20 au 30. Kisha leza ya eksima, yenye mawimbi ya nanomita 193, huondoa stroma iliyo chini, kila pigo likichukua kama robo ya maikromita. Mwisho kifuniko kinarudishwa mahali pake.

Kosa la wengi linaanzia hapo. Kifuniko kikirudishwa hudhaniwa kwamba unene umerudi. Kwa macho umerudi, lakini kwa nguvu haujarudi. Kifuniko hakiungani tena na stroma kwa uimara wa mwanzo, hivyo katika kubeba presha ya jicho hakihesabiki. Kinachobeba ni stroma iliyobaki chini ya kifuniko. Madaktari wengi wanakubali kwamba isipungue maikromita 250, na wengi zaidi siku hizi hawashuki chini ya 300. Kwa karatasi zetu, hiyo 250 ni karatasi mbili na nusu.

Leza inaondoa kiasi gani? Kuna kanuni rahisi inayotumika kukadiria kwa wenye tatizo la kutoona mbali: chukua kipenyo cha eneo linalosawazishwa kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa dayopta za miwani, halafu gawanya kwa 3. Kwa eneo la milimita 6.5, kila dayopta moja hula maikromita 14. Kwa milimita 6.0 hula 12. Kwa milimita 7.0 hula 16 na kidogo. Programu nyingi za mashine za sasa huondoa zaidi ya hapo, kwa kuwa hulainisha kingo ili mwanga wa usiku usitawanyike. Basi ichukue kanuni hii kama makadirio ya chini, halafu mwombe daktari namba ya mashine yake.

Tumuanze mwalimu wa Tukuyu. Dayopta 2.5 kwa 14 ni maikromita 35. Kifuniko 110. Ukitoa 110 na 35 kwenye 508, inabaki 363. Iko juu ya 300 kwa nafasi nzuri.

Fundi wa Mafinga: dayopta 9 kwa 14 na ushee ni maikromita 127. Kifuniko 110. Kwenye 561 inabaki 324. Hiyo nayo iko juu ya 300! Kwa nini basi asubirishwe?

Kwa sababu kuna kipimo cha pili, kinachotazama sehemu ya konea iliyoguswa badala ya iliyobaki. Unajumlisha kifuniko na kilichoondolewa, unagawanya kwa unene wa mwanzo. Mwaka 2014 Santhiago na wenzake walichapisha kwamba, hata pale ramani ya konea inapoonekana ya kawaida, jibu likifika asilimia 40 hatari ya ektasia hupanda kwa kiasi kikubwa. Mwalimu: 145 kwa 508 ni asilimia 28.5. Fundi: 237 kwa 561 ni asilimia 42. Konea yake ni nene, lakini anataka kuikata sehemu kubwa mno.

Mjuzi wa mambo atauliza juu ya umbali wa miwani. Ni swali zuri. Fremu hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, na kwa namba kubwa umbali huo una maana: -9.00 ya miwani ni sawa na -8.12 hivi kwenye konea yenyewe. Ukipiga hesabu kwa 8.12, leza inaondoa 114, na fundi anashuka hadi asilimia 40, yaani anasimama juu ya mstari wenyewe. Mtu asijifariji kwa hilo. Mashine kwa kawaida huondoa zaidi ya kanuni, na kifuniko kilichopangwa 110 kinaweza kutoka 118. Aliyesimama juu ya mstari amekwisha kuuvuka kwa kosa dogo tu.

Njia nyingine ya kumsaidia ingekuwa kupunguza eneo kutoka milimita 6.5 hadi 6.0. Leza itaondoa 108 badala ya 127 na asilimia itashuka hadi kama 39. Namba inapendeza kwenye karatasi, lakini usiku mboni hufunguka. Ikifunguka kuliko eneo lililosawazishwa, taa za magari huvaa duara na miale. Dereva anayeshuka Kitonga saa mbili usiku, malori yanapanda mbele yake, hiyo si kero ndogo. Kwa maoni yetu, kubana eneo ili namba ikubali ni suluhisho baya kuliko kukubali kwamba LASIK si njia ya mtu huyo.

Kama una astigimatizimu, yaani konea isiyokunjika sawasawa pande zote, ambayo kwenye miwani huandikwa kama silinda, ijumlishe. Miwani ya -4.00 yenye silinda -2.00 kwenye mhimili wake mbaya ni -6.00, na hiyo ndiyo ya kuingiza kwenye hesabu.

Wenye tatizo la kutoona karibu wana hesabu tofauti. Kwao leza huchimba mduara pembeni ili katikati itune, na pembeni konea ni nene zaidi, hivyo unene wa katikati si kikwazo kikuu. Kikwazo kwao ni mkunjo: konea isiishie kukunjika kupita dayopta 49 au 50. Kwa asiyeona mbali ni kinyume, isisawazike hadi chini ya 35 au 36. Kila dayopta moja ya miwani inayoondolewa hupunguza mkunjo kwa takriban 0.8. Mtu mwenye mkunjo wa 40 anayetaka kuondoa dayopta 8 ataishia kwenye 33.6, na uoni wake utapungua ubora hata kama unene umebaki tele.

Umbo lina neno kuliko unene

Sasa mwanafunzi wa Iringa. Dayopta 3 kwa 14 ni 42. Kifuniko 110. Kwenye 505 inabaki 353. Sehemu iliyoguswa ni asilimia 30. Kwa hesabu zote mbili amepita. Hata hivyo anaambiwa hapana, na daktari anayemwambia hivyo anamtendea wema.

Sababu ya kwanza ni umri. Mwaka 2008 Randleman na wenzake walitoa mfumo wa alama za kupima hatari ya ektasia, na mpaka leo ni msaada mkubwa kwa anayetaka kufikiri kwa utaratibu. Mwenye miaka 18 hadi 21 anapewa alama 3, wa 22 hadi 25 alama 2, wa 26 hadi 29 alama 1, na kuanzia 30 hapati kitu. Unene wa 481 hadi 510 ni alama 2. Jumla ikifika 4, hatari ni kubwa. Mwanafunzi wa miaka 20 mwenye 505 tayari ana 5 kabla hata ramani ya konea yake haijaangaliwa. Mwalimu mwenye 508 ana 2 tu, kwa sababu ana miaka 34. Maikromita zao ni zilezile. Kilichowatenganisha ni muda: konea ya mwalimu imekwisha kuonyesha kwamba imetulia, ya mwanafunzi bado haijapata nafasi ya kuonyesha.

Sababu ya pili ni hofu ya ugonjwa wa keratokonasi. Konea yenye ugonjwa huu hudhoofika yenyewe, ikawa nyembamba na kuchongoka mbele kama koni, mara nyingi kuanzia ujana. Mwanzoni mtu haoni dalili yoyote zaidi ya miwani kubadilika kila mwaka na silinda kuongezeka. Ukimfanyia LASIK mtu wa namna hii, unaharakisha kilichokuwa kinakuja polepole. Visa vingi vya ektasia baada ya leza vilitokana na keratokonasi changa ambayo haikugunduliwa, na hiyo ndiyo sababu uchunguzi wa umbo hauna mbadala.

Anayefikicha macho sana anajiongezea hatari hii. Kwa hiyo mzio wa macho lazima utajwe. Wakati wa kiangazi vumbi hutimka Usangu, upepo wa Makambako hauna simile, na wapo watoto wengi wanaokua wakiwashwa macho mwaka hadi mwaka na kuyasugua kwa viganja. Mtu aliyekuwa na mzio mkali utotoni, hata kama umeisha, amweleze daktari waziwazi. Na kama bado anawashwa, mzio utibiwe kwanza kwa miezi, kisha vipimo virudiwe. Tunaongeza tahadhari moja: matone yenye steroidi yanayonunuliwa dukani bila cheti hutuliza muwasho haraka, lakini yakitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Dawa za kienyeji za kutia machoni nazo huweza kuchoma konea na kuacha kovu, na kovu huharibu ramani na uoni pia.

Umbo linapimwa kwa mashine mbili tofauti. Topografia hupiga picha ya mkunjo wa uso wa mbele. Tomografia huangalia mbele na nyuma ya konea pamoja na unene wa kila sehemu, si katikati tu. Ni ya pili inayokamata keratokonasi mapema, kwa sababu mara nyingi mabadiliko huanzia uso wa nyuma. Kwenye ramani, daktari anatafuta mambo kadhaa. Sehemu ya chini imekunjika kuliko ya juu? Sehemu nyembamba kuliko zote iko wapi? Kwa kawaida huwa karibu na katikati, imesogea kidogo chini na upande wa sikio. Ikiwa mbali zaidi, ni jambo la kuulizia. Na je, jicho la kulia na la kushoto yanafanana? Macho ya mtu mmoja yanapotofautiana waziwazi, hiyo nayo ni ishara.

Usikubali kupangiwa LASIK kwa kipimo cha unene cha katikati peke yake. Hesabu zote za hapo juu zinapaswa kufanywa kwa namba ya sehemu nyembamba zaidi, ambayo inaweza kuwa chini ya ile ya katikati kwa maikromita kadhaa.

Kwa nini kipimo hutofautiana

Mtu anapima Mbeya anapata 522, anapima Dar es Salaam anapata 508, anadhani mmoja amemdanganya. Mara nyingi wote wamesema kweli.

Kipimo cha mawimbi ya sauti hufanywa kwa kutia tone la ganzi, kisha kijiti chembamba cha mashine hugusishwa katikati ya konea. Kikilala kidogo badala ya kusimama wima, au kikigusa pembeni, namba hupanda. Ndiyo maana hupimwa mara kadhaa na kuangalia namba ndogo zinazokubaliana. Mashine za picha hazigusi jicho, lakini kila aina ina namna yake ya kukokotoa, na tofauti ya maikromita 10 au zaidi kati ya mashine mbili si ajabu. Ukilinganisha, linganisha namba za mashine ileile.

Saa nayo ina neno. Usingizini kope zimefungwa, konea inakosa hewa na kuvimba kwa asilimia 3 hadi 4. Kwa konea ya 520, hiyo ni maikromita 15 hadi 20 za uongo. Pima angalau saa mbili tatu baada ya kuamka. Anayefika Dar es Salaam alfajiri baada ya kusinzia kwenye basi usiku kucha kutoka Mbeya, na kupelekwa moja kwa moja kwenye mashine, anapimwa jicho lililovimba na kukauka kwa wakati mmoja. Alale kwanza. Apimwe siku ya pili mchana.

Wanaovaa kontakti lenzi wana jambo la kuzingatia zaidi. Lenzi hubana na kupinda konea, na kuivimbisha pia. Laini zivuliwe wiki moja hadi mbili kabla ya kupima, ngumu wiki tatu hadi nne au zaidi, hadi ramani mbili zilizopigwa kwa nafasi ziwe sawa. Usidanganye katika hili. Ramani iliyopindishwa na lenzi inaweza kufanana na keratokonasi, au ikaficha keratokonasi ya kweli.

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, kwa kuwa namba ya miwani huyumba. Miwani yenyewe iwe imetulia mwaka mzima, isibadilike zaidi ya 0.50. Macho makavu yapimwe na kutibiwa kwanza, kwa sababu LASIK hukata neva za konea na ukavu huongezeka kwa miezi.

Konea ikiwa nyembamba, kuna njia gani

PRK, aina nyingine ya upasuaji wa leza, haikati kifuniko. Epitheli inaondolewa, leza inafanya kazi juu ya stroma moja kwa moja, na lenzi laini ya bandeji inawekwa kwa siku nne hadi saba mpaka epitheli iote. Kwa kuwa zile maikromita 110 za kifuniko hazipotei, mtu mwenye konea ya 490 na miwani -6.00 anayebanwa na LASIK huku akibakiwa na 295, kwa PRK anabakiwa na stroma ya kama 350. Malipo yake ni maumivu ya kweli kwa siku mbili tatu, uoni wa ukungu kwa wiki, na uwezekano wa kovu jepesi ndani ya konea kwa namba kubwa. Daktari hupunguza uwezekano huo kwa kuweka dawa ya maitomaisini kwa sekunde chache wakati wa upasuaji.

Kwa wakazi wa nyanda za juu, PRK ina sharti la ziada. Miale ya urujuanimno ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na miale hiyo huchochea kovu hilo. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi, Njombe juu zaidi. Baridi na mawingu humdanganya mtu akadhani jua halipo. Miwani ya jua inayozuia miale hiyo kikamilifu ivaliwe nje kwa miezi kadhaa, hata siku ya ukungu, hata kwa anayechuma chai Mufindi au kupalilia viazi.

SMILE, aina ya tatu ya upasuaji wa leza, hukata kipande cha umbo la lenzi ndani ya stroma na kukitoa kwa tundu la milimita 2 hadi 4. Hakuna kifuniko, sehemu ya mbele yenye nguvu inabaki imefungamana zaidi. Lakini kwa kila dayopta huondoa nyama nyingi kidogo kuliko LASIK, na kwa konea nyembamba sana haina muujiza. Keratokonasi ni marufuku kwake kama ilivyo kwa LASIK.

Kwa fundi wa Mafinga, njia ambayo tungeiangalia kwanza ni lenzi inayowekwa ndani ya jicho, nyuma ya kiwambo (ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni) na mbele ya lenzi ya asili. Haigusi unene wa konea. Inahitaji nafasi ya kutosha ndani ya jicho, angalau milimita 2.8 hadi 3.0 kutoka nyuma ya konea, na seli za ndani za konea ziwe za kutosha kwa umri wake. Ina hatari zake, presha ya jicho na mtoto wa jicho zikiwemo, na inataka ukaguzi wa kila mwaka. Kwake ina faida nyingine: kipande cha mbao kikimruka usoni hakuna kifuniko cha kuhama. Kifuniko cha LASIK kinaweza kusogezwa na pigo hata miaka mingi baadaye, na ndiyo sababu mafundi, askari na wacheza ndondi huelekezwa kwenye njia zisizo na kifuniko.

Kwa mwanafunzi wa Iringa, kwa sasa ni miwani, matibabu ya mzio kama anao, na tomografia kila baada ya miezi sita hadi mwaka. Ikionekana konea inachongoka, kuna tiba ya kuikaza: matone ya vitamini B2 hutiwa, kisha mwanga wa urujuanimno humulikwa, kwa utaratibu wa asili dakika 30. Nayo ina mpaka wa unene, maikromita 400 baada ya epitheli kuondolewa, ili mwanga usidhuru seli za ndani. Anayechelewa anaweza kukuta hata tiba hii imempita.

Safari na karatasi

Mara nyingi upasuaji wenyewe humaanisha kusafiri hadi Dar es Salaam au nje ya nchi. Uchunguzi wa awali wa macho, presha na retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) unaweza kuanzia hospitali ya rufaa iliyo karibu, na ni vizuri uanzie hapo, kwa sababu tatizo la retina au presha likionekana mapema linaokoa nauli na moyo. Ukienda, panga kubaki. Kwa LASIK kuna ukaguzi wa kesho yake, na mwingine ndani ya wiki. Kwa PRK usipande basi kabla lenzi ya bandeji haijatolewa. Moshi wa kuni, vumbi la mpunga unapopurwa, upepo wa bodaboda: yote hayo yaepukwe wiki za mwanzo, na kuogelea ziwani Matema kusubiri kama mwezi.

Kabla hujasaini, omba daktari akuandikie namba hizi kwa kila jicho: unene wa sehemu nyembamba zaidi, unene wa kifuniko kilichopangwa, maikromita zitakazoondolewa, stroma itakayobaki, na mkunjo wa konea kabla ya upasuaji. Ramani ya tomografia ichukuliwe nakala. Daktari mzuri hachukizwi na ombi hilo.

Karatasi hizo zitunze maisha yako yote, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kipimo cha presha ya jicho kilitengenezwa kwa kudhani konea yenye unene wa 520 hivi. Konea nyembamba husomeka presha ndogo kuliko ilivyo, na konea iliyokatwa na leza husomeka ndogo zaidi. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika huwa na konea nyembamba kidogo kwa wastani, na watu haohao ndio wanaoshambuliwa zaidi na glakoma, ugonjwa unaokula uoni kimyakimya. Miaka ishirini baada ya leza, kipimo kikisoma 15 wakati ukweli ni 20, daktari asiyejua historia yako atakurudisha nyumbani. Na siku utakapohitaji kutolewa mtoto wa jicho, hesabu ya lenzi ya bandia itakosea ikiwa hakuna anayejua konea yako ilikuwaje kabla. Piga picha ya karatasi kwa simu, mpe na mtu mmoja wa nyumbani nakala, na kila unapoketi mbele ya daktari mpya wa macho, maneno ya kwanza yawe kwamba konea hii imewahi kukatwa.